Majina Niliyoyakana

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, sauti yangu ilipotea kwa siku sita, na karibu nyumba nzima tuliyokuwa tukiishi kule Bellevue, mtaa wa Johannesburg, iliamini kwamba bibi yangu ndiye aliyeifunga. Wenzetu waliamini kwa hofu. Mimi niliamini kwa aibu, kwa sababu nilijua nilichokuwa nimefanya siku moja kabla.

Ilikuwa nyumba kuukuu ya vyumba saba, iliyojengwa zamani kwa ajili ya familia moja yenye nafasi, na sisi tukaishi humo familia saba. Jiko lilikuwa moja, bomba moja uani, kamba za nguo mbili. Mama alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa dirishani, na godoro langu lilitandikwa chini ya meza yake ya kukatia nguo, kwa hiyo niliamka kila siku na nyuzi nywelini. Baba alikufa vitani kwetu Kongo kabla sijaweza kuukumbuka uso wake. Tulitoka Kivu ya Kusini, na kabila letu, kama mama alivyowaambia watu wote na kama alivyoniambia mimi mwenyewe, lilikuwa Bashi wa Kabare.

Mwenye neno la mwisho humo ndani alikuwa Mama Nsimire. Yeye alikuwa Mushi kweli, mmoja wa Bashi wa kule Walungu. Sitaki kumsimulia kama mtu mbaya. Ndiye aliyempokea mama siku alipofika Johannesburg akiwa na mimi mgongoni na mfuko mmoja mkononi. Alimtafutia chumba, akampa sufuria, akamletea wateja wa kwanza. Binti yake, Nsimire, alisoma darasa moja nami, na tulikula sahani moja mara nyingi kuliko tulivyokula mbalimbali.

Halafu akaja Koko. Ndivyo tunavyowaita mabibi kule kwetu. Mjomba alimleta kwa basi, safari ya siku nyingi kupitia Tanzania na Zambia, akamshusha mlangoni akiwa na kitenge kimoja cha kubadili na miguu iliyovimba. Hata hajamaliza kuvua viatu, mama alifunga mlango wa chumba chetu akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, hapa sisi ni Bashi. Tafadhali."

Koko akamtazama. "Na kwenye basi nilikuwa nani?"

"Mama, nakuomba."

"Sawa. Sitasema. Lakini mutu akiniuliza, miye sijui kudanganya. Nitakosea katikati."

Wiki zikapita, hakuna aliyeuliza. Koko alimenya viazi, alifua, alikaa kwenye ngazi ya nyuma akiota jua la Agosti, ule mwezi ambao upepo wa Johannesburg hukausha midomo na kujaza vumbi machoni. Mimi nilimpenda haraka, ingawa mazungumzo yetu yalikuwa ya kuchekesha. Shuleni nilisema Kiingereza, barabarani Kizulu. Kiswahili nilikielewa chote lakini nilikisema kama mtu anayetafuna mchanga. Koko alisema nami Kiswahili chake cha Bukavu, kinachosema ba pale wengine wanaposema wa, akanisubiri niumalize mchanga wangu, akacheka.

Kisha mwalimu wetu akatupa kazi. Siku ya Urithi ilikuwa inakaribia, ile sikukuu ya Septemba ambayo watoto huenda shuleni wamevaa mavazi ya kwao. Mwalimu, mama mmoja wa Kizulu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aligawa karatasi kubwa za manila. Kila mtoto achore ukoo wake, tangu yeye hadi mbali awezavyo kufika, na aandike mahali wazee wake walipotoka.

Nilimuuliza mama. Akanitajia jina la baba na la baba yake, akasema ana nguo ya harusi ya kumaliza. Nikaenda kwa Koko pale ngazini.

"Unataka kweli ao uongo?" akaniuliza.

"Mwalimu anataka kweli."

"Basi andika."

Nikapiga magoti, nikalaza karatasi sakafuni, akaanza. Mapendo, mama yangu, amezaliwa na yeye, Nabintu. Nabintu amezaliwa na Kabuya, aliyejua kupanda kwenye mizinga ya nyuki bila moshi. Kabuya amezaliwa na Lwaboshi, aliyezikwa penye mianzi mirefu. Lwaboshi na Kaningini. Kaningini na Mushamuka, ambaye alikuwa na jicho moja, na hakuna aliyejua lile jingine lilitokaje. Alinitajia mpaka majina sita juu ya langu, bila kusita, kama mtu anayetaja vituo vya basi analolipanda kila siku. Nikauliza kama hiyo mianzi iko Kabare.

"Iko mu musitu ya Kahuzi," akasema. "Weye ni Mutwa, Zawadi. Sisi ni Batwa."

Neno hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelisikia jikoni. Wanawake walilitumia kumtukana mtu mchafu, au mtu asiyejua kula mezani. Sikuwahi kudhani kwamba kuna mtu analo kama jina la kabila lake. Koko aliona uso wangu, lakini hakunibembeleza. Alinisimulia.

"Balikuya asubuhi, tukiwa tunachoma viazi. Askari. Balisema, musitu si yenu tena, sasa ni ya ngagi." Ngagi ni wale sokwe wakubwa wa kwetu. "Tumekaa na hao ngagi tangu Mushamuka. Hatukujua kama tunagombana nao. Tukauliza, tuende wapi? Balijibu kwa kuchoma nyumba. Mama yako alikuwa hapa." Akajigusa mgongoni. "Hakulia. Moto ulimufurahisha, alikuwa mutoto."

Walisukumwa mpaka kwenye kingo za mashamba ya watu wengine, na hakuna aliyewapa hata pa kuchimba choo. Mvua ile ya kwanza, Koko alizika wana wawili wa kiume, kaka zake mama. Aliniambia niandike majina yao pia, Bahati na Chubaka. Nikasema hakuna nafasi, mstari unapanda juu, hauendi pembeni. "Tengeneza nafasi," akasema. Nikatengeneza.

Nilipomaliza, alinishika mkono. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli.

"Sasa umewataja. Usibakane. Bazee ukishawaita, banakuya kukaa hapa." Akanigusa kooni kwa kidole kimoja. "Ukibakana mbele ya batu, habatoki. Banafunga mulango."

Nilimwahidi. Mtoto wa miaka kumi huahidi upesi.

Karatasi zetu zilibandikwa ukutani darasani. Nsimire alisoma yangu, neno lile akaliona, na jioni mama yake alikuwa amekwisha kulijua.

Jumamosi iliyofuata, mchana kweupe, wanawake wa nyumba yetu walikuwa uani wakifua. Mama alikuwa amesimama karibu na kamba na pini mbili mdomoni, akipima gauni mwilini mwa mteja. Koko alikuwa ngazini na beseni la viazi. Mama Nsimire akatoka jikoni akiwa na karatasi yangu. Nsimire alikuwa ameibandua ukutani na kuja nayo.

"Zawadi, mtoto wangu, njoo," akaniita, kwa upole kabisa. "Nani alikuandikisha maneno haya?"

Lazima nieleze walichokuwa wakiogopa, maana bila hicho itaonekana ni kelele za uani tu. Huko tulikotoka, watu wengi waliamini kwamba kikombe alichonywea Mutwa hakifai tena. Ukinywea baada yake, bahati yako inamfuata yeye. Ukiwa na mimba, mimba inaharibika. Na papo hapo waliamini kwamba Batwa wana dawa kali kuliko za watu wote, na kwamba laana ya Mutwa haitolewi. Hivyo mtu yuleyule unayemdharau, unamwogopa. Na Koko alikuwa amenywea vikombe vya jiko lile tangu Julai.

Nilimtazama mama. Alikuwa ametoa pini mdomoni. Hakutikisa kichwa, lakini nilimwelewa kama vile amenipigia kelele. Nilimwona pia Nsimire, rafiki yangu, amesimama nyuma ya mama yake, anasubiri kujua kama bado ni rafiki yangu.

"Nilitunga," nikasema. "Hakuna mtu kama hao. Koko hajui kitu, akili yake si nzuri."

Mama Nsimire akashusha pumzi, na ninaamini alifurahi kwa ajili yetu. Akanipa karatasi. "Basi ichane, mama, mambo yaishe."

Nikaichana mara mbili, kisha mara nne. Koko hakuinua uso. Aliendelea kumenya kiazi kilekile mpaka kikabaki kidogo kama yai la njiwa.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mdomo kumwomba mama maji, pakatoka upepo.

Mama alinipeleka kliniki Jumatatu. Nesi alinimulika kooni, akasema limevimba, akanipa vidonge na kuniambia nisilazimishe kusema. Siku ya tatu ikapita, siku ya nne ikaingia, sauti hakuna. Koko alinichemshia tangawizi, hakunikumbusha onyo lake hata mara moja. Mimi ndiye niliyejikumbusha. Usiku nilishika koo langu chini ya meza ya kukatia na kuhisi kama watu sita wamekaa humo wamenipa mgongo, na wale wavulana wawili pembeni.

Nyumba nayo ilikuwa na maelezo yake. Mama Nsimire alikuja na kina mama watatu wa kanisani kuniombea. Walinizunguka, wakaniwekea mikono kichwani, na walipomaliza mmoja wao akamwambia mama waziwazi kwamba mtoto amefungwa na mtu wa ndani. Ule uongo wangu ukageuka mikononi mwao: ikiwa Koko ameweza kufunga sauti ya mjukuu wake, basi ni Mutwa kweli.

"Mama Zawadi," akasema Mama Nsimire, na macho yake yalikuwa na machozi, "umenificha miaka yote hii. Sikufukuzi weye. Lakini yule mzee atoke. Humu ndani kuna mwanamke mwenye mimba."

Mama aliwasindikiza mpaka mlangoni, kama adabu inavyotaka, akarudi kwenye mashine yake akashona mpaka uzi ukakatika, akautia tena tunduni, akashona.

Kesho yake tulipotoka uani kuchota maji tulikuta kikombe cha Koko, kile cha bati cha rangi ya buluu, kimetundikwa kwenye msumari nje, juu ya bomba. Mtu alikuwa ameupigilia msumari huo kwa ajili hiyo. Vumbi la tofali lilikuwa bado chini.

Mama alikitazama kwa muda mrefu. Baadaye sana, nilipokuwa mkubwa, ndipo aliponieleza alichokiona pale. Alipokuwa msichana wa kazi huko Bukavu, akijifunza kushona kwa mama mmoja tajiri, yeye naye alikuwa na kikombe chake msumarini, nje, ambako kuku walipita. Alikinywea miaka mitatu. Ndiyo sababu alipovuka mpaka aliamua kwamba Mutwa amebaki upande wa pili.

Mama alikitungua kikombe cha Koko. Akanishika mkono, akamwita Koko, tukaingia jikoni sote watatu. Ilikuwa saa ya chai ya asubuhi, wanawake wote wako humo, birika kubwa la pamoja likiwa juu ya jiko. Mama akamimina chai katika kile kikombe cha buluu, akanywa mbele yao. Akampa Koko, Koko akanywa. Nikapewa mimi, nikanywa, ikaniunguza koo.

"Miye ni Mutwa," mama akasema. "Mama yangu ni Mutwa. Mutoto wangu ni Mutwa. Tulitolewa mu musitu kwa moto, sitatolewa mu jiko kwa musumari. Nimekula na nyinyi miaka saba. Nani amekufa? Semeni. Nani mimba yake imetoka kwa sababu ya chai yangu?"

"Dada, si hivyo," Mama Nsimire akaanza.

"Ni hivyo. Mwenye kuogopa aweke kikombe chake chumbani kwake. Cha mama yangu kinakaa hapa." Akakiweka rafuni katikati ya vile vingine, akavisogeza vingine ili kipate nafasi.

Halafu Bi Mwanahawa, mama wa Kitanga aliyekaa chumba cha mbele na mumewe, akachukua kile kikombe, akakisuuza kidogo kwa sababu alikuwa mtu wa usafi, akakinyoosha kwa mama.

"Hebu nitilie nami," akasema. "Na sukari usinipunje. Nimeamka na kichwa, sina nguvu za kusikiliza mambo ya misumari."

Hakuwa anafanya ushujaa, nadhani. Alitaka chai. Lakini alikinywa mpaka tone la mwisho, na mama akalia huku akimtilia cha pili.

Ningependa kusema kwamba siku hiyo nyumba ilibadilika. Haikubadilika. Familia mbili zilihamishia vyombo vyao vyumbani. Mama Nsimire aliacha kumsalimu Koko, na mpaka tulipohama miaka mitatu baadaye hakumsalimu tena, ingawa mimi aliendelea kunipa maandazi nilipopita. Yule mwenye mimba alijifungua mtoto wa kike mnene, na hakuna aliyekuja kutuambia kwamba walikosea. Ila msumari ulitoka ukutani. Koko aliung'oa mwenyewe kwa koleo la mama.

Sauti yangu ilirudi siku iliyofuata, na namna iliyorudi ni ya aibu kidogo. Nilikuwa naenda shuleni. Pale kwenye robot, yaani taa za barabara kubwa, tukisubiri taa ituruhusu kuvuka, Nsimire na wasichana wengine wawili walianza kuniimbia nyuma yangu, "Mu-twa, Mu-twa." Nikageuka, nikafungua mdomo bila kufikiri, na kilichotoka, cha kukwaruza lakini kikubwa, ni tusi la mitaani ambalo mama angenichapa kwalo.

"Voetsek!" nikawafokea. Kisha, kwa kuwa nilishtuka kujisikia na sikutaka iondoke tena, nikaongeza, "Ndiyo, mimi ni Mutwa! Bibi yake Kabuya! Mna nini?"

Kabuya alikuwa babu yake mama yangu, wala mimi si bibi wa mtu; nilichanganya kila kitu. Niliporudi na kumsimulia Koko, alicheka mpaka akashika ukuta. "Hata matusi, bamefungua mulango," akasema.

Karatasi ya pili tuliichora sote watatu, na safari hii mama ndiye aliyeshika kalamu. Siku ya Urithi nilisimama ukumbini nikiwa nimevaa kitenge cha kawaida, kwa sababu Koko alisema nguo zao za msituni ziliungua na hatuna haja ya kubuni nyingine. Nikasoma majina yote kwa sauti ya chura. Nilipofika kwa Bahati na Chubaka nilieleza kwa Kiingereza changu cha darasa la nne kwa nini wao wako pembeni. Mwalimu alivaa miwani yake, akaivua. Baadaye aliniambia kwamba bibi yake naye alipakiwa kwenye lori la serikali pamoja na kabati na jiko, wakati mtaa wao wa Sophiatown ulipobomolewa na serikali ya Makaburu, akashushwa Meadowlands mbele ya nyumba isiyo na milango. "Alikuwa akitutajia majina ya mitaa," akasema. "Hatukuyaandika."

Koko amekwisha kufa. Tulimzika hapahapa Johannesburg, mbali na mianzi, na hilo bado linaniuma. Mwaka juzi nilikwenda Kahuzi. Nilifika mpaka mwisho wa mashamba, pale msitu unapoanza, na askari kijana akaniuliza kwa adabu kama nina kibali cha kuingia. Sikuwa nacho. Katika kijiji cha jirani nikakutana na mzee aliyemkumbuka Kabuya, akanisahihisha: Lwaboshi na Kaningini walikuwa ndugu, si baba na mwana. Nikaandika. Tukabishana kidogo juu ya jicho la Mushamuka, la kushoto au la kulia. Sikumbuki lini nilikuwa na furaha kama ile.

Nimeandika haya kwa Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya wazee wale. Lugha yao yenyewe hata Koko hakuijua. Ilikwisha kabla yake. Nimetumia iliyobaki.

Watu ninaowasimulia huniuliza kama naamini kwamba wazee walinifunga koo. Tangu hapo sauti imenipotea mara mbili, kwa mafua ya kawaida, na sikuwa nimemkana mtu yeyote. Kwa hiyo najua koo linaweza kuvimba lenyewe, kwa upepo wa Agosti na vumbi lake, na nesi yule hakuwa mjinga. Najua pia kwamba mtoto aliyesema "hakuna mtu kama hao" mbele ya bibi yake alikuwa akimalizia kazi ya wale askari, bila kiberiti. Walichotaka wao ni kwamba ifike siku tuseme wenyewe kwamba hatukuwahi kuwapo. Siwezi kuwarudishia msitu watu wale sita, wala kuwafufua wajomba zangu wawili. Naweza kuwataja, na huwataja kila mahali ninapoulizwa ninatoka wapi, hata pale ambapo jibu fupi lingenirahisishia siku. Sijawakana tena, na si kwa kuogopa koo.